Watoto Kambini: Familia za Kinyamwezi katika Njia ya Misafara

Shule zinapofungwa mwezi wa Juni, kiangazi kikiwa kimeshika na njia za Tabora zimekauka, swali huwa lile lile katika nyumba nyingi za mjini: watoto wapelekwe wapi? Wengi hupelekwa kwa bibi. Wachache wenye nafasi hulipia hema mbugani, na hao hawakosi kuambiwa kwamba kulala porini na watoto kwa hiari ni mambo ya Wazungu. Mwafrika katoka porini juzi tu, arudi kufuata nini? Maneno hayo husemwa kwa mzaha, lakini ndani yake mna dai la kihistoria, na dai la kihistoria hupimwa kwa ushahidi. Ukilipima kwa habari za Tabora na njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Unyanyembe, utemi wenye mji wa Tabora, hadi Ujiji, halisimami. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 19, kabla reli haijafika, kaya nyingi za Kinyamwezi ziliufanya msimu wa kiangazi kuwa msimu wa kuishi kambini, wake kwa waume, na watoto wao pamoja nao. Ukoloni haukutuletea desturi ya kulala kambini na watoto. Uliwakuta watoto kambini, na kwa njia nyingi ukawatoa.

Tuanze na kalenda, maana ndiyo iliyotawala yote. Mvua za Unyamwezi huanza karibu na Novemba na kukatika Aprili au Mei. Mtama na uwele vikishavunwa na kuwekwa ghalani, shamba halina kazi kubwa kwa miezi kadhaa, mito midogo inapitika kwa miguu, na majani marefu ya miombo yamelala au yameungua. Hapo ndipo misafara ya Wanyamwezi wenyewe, si ile ya Waarabu wala ya watu wa pwani, iliposhuka kwenda Bagamoyo na Saadani na pembe za ndovu, majembe ya chuma, asali na mifugo, ili irudi na nguo, shanga, chumvi na waya wa shaba. Kutoka Tabora hadi Bagamoyo ni zaidi ya kilomita 800. Richard Burton na John Hanning Speke, waliofika Kazeh, ndiyo Tabora, tarehe 7 Novemba 1857, walikuwa wamekaa njiani zaidi ya miezi minne. Wanyamwezi walikwenda kwa kasi zaidi, hasa wa kurudi nyumbani, kwa sababu mvua za kwanza hazimsubiri mtu na aliyechelewa alikuta majirani wameshapanda. Safari ya namna hiyo ilikuwa sehemu ya mwaka wa mkulima, sawa na kulima na kuvuna. Ndiyo maana haikumlazimu mtu kuivunja kaya yake ili aende.

Msomaji wa leo, akisikia habari za wapagazi, huona mstari mrefu wa watu wenye mizigo kichwani wakitembea kutwa kucha. Picha hiyo inapotosha kidogo. Msafara uliamka alfajiri, kirangozi, yaani kiongozi wa njia, akatangulia na kilemba chake cha manyoya, ngoma ikalia, na kwa kawaida kabla ya saa sita mchana watu walikuwa wameshatua. Muda uliobaki, yaani nusu ya mchana na usiku wote, ulikuwa wa kambi. Kama njia ilikuwa na maji, kambi ilikuwepo tayari: vibanda vya matawi vilivyoezekwa kwa nyasi, vimezungukwa na boma la miiba, vimeachwa na msafara uliotangulia na vitaachwa kwa msafara ujao. Walioingia walikarabati vilivyochakaa na kuongeza vyao. Nani alimiliki kambi hizo? Hakuna, na kila mtu. Ni aina ya mali ya umma ambayo haikuhitaji serikali kuitunza, na naiona kuwa miongoni mwa kazi za werevu zilizosahauliwa kabisa katika historia yetu ya ujenzi, pengine kwa sababu majani hayaachi magofu ya kupigiwa picha. Mahali palipokosa maji, kama Mgunda Mkali, nyika iliyotenga Ugogo na Unyamwezi, hesabu ilibadilika: watu waliterekeza, wakaondoka adhuhuri wakiwa wamekunywa na kujaza vibuyu, wakalala bila maji na kumaliza kiu asubuhi ya pili. Kijiji cha Tura, mlango wa Unyamwezi kwa atokaye pwani, kilipokelewa kwa shangwe kwa sababu hiyo.

Watoto wako wapi katika haya? Wako karibu kila mahali, kama mtu akitaka kuwatazama. Burton, katika kitabu alichokitoa mwaka 1860, anaupanga msafara kwa safu: mbele kirangozi, kisha wabeba pembe, kisha nguo na shanga, na nyuma yao wanawake na watoto wadogo ambao hata aliyeanza kutembea juzi hakukosa kitu cha kubeba, japo cha ratili moja. Anasema tena kwamba mtoto wa Kinyamwezi wa miaka sita au saba hubebeshwa pembe ndogo begani, azoee. Henry Morton Stanley alipoondoka Bagamoyo Novemba 1874 na msafara wa watu zaidi ya 350, alihesabu wanawake 36 na wavulana 10, watoto wa baadhi ya wakubwa wa msafara, waliofuata mama zao na kuwasaidia vyombo vyepesi vya jikoni. Huo ulikuwa msafara wa mgeni aliyeajiri watu kwa mkataba, wala haukuwa wa Wanyamwezi waliojipanga wenyewe. Kama kaya zilipenya hata humo, katika misafara ya wenyeji zilikuwa jambo la kawaida. Mwanahistoria Stephen Rockel, aliyeandika mwaka 2006 kitabu kizima juu ya wapagazi hawa, amekusanya ushahidi mwingi wa wake na watoto waliosafiri nao, na ameonyesha kwamba kazi ya wanawake kambini, ya kupika, kuchota maji, kubeba sufuria, mikeka na chakula, ndiyo iliyomwezesha mpagazi kuishi vizuri kuliko mwenzake aliyekuwa peke yake. Wasio na wake walijikusanya vikundi vya watu wachache, wakachangia chungu kimoja. Mwenye familia alikuwa na chungu chake, na posho yake haikuishia mikononi mwa wapishi wa wenzake.

Hapa pana pingamizi la kwanza, nalo ni la haki: mashahidi hawa ni Wazungu, na Burton hasa alikuwa mtu wa dharau. Alipoandika juu ya watoto wanaobeba pembe, aliwalinganisha na watoto wa mbwa wa kuwinda wanaozaliwa na silika yao. Mtu aweza kusema ushahidi wa namna hiyo utupwe. Mimi naona kinyume. Burton alitaka kuonyesha kwamba Mnyamwezi ni mchukuzi kwa maumbile, na kwa kulitafuta hilo akaacha kumbukumbu ya jambo asilolikusudia, yaani watoto waliokuwa wakifundishwa kazi kwa mizigo ya kiasi chao, hatua kwa hatua, chini ya macho ya wazazi. Silika haihitaji pembe ndogo za kufanyia mazoezi. Mafunzo ndiyo yanayozihitaji. Wala hatuwategemei wageni peke yao. Hamed bin Muhammed el Murjebi, aliyejulikana kwa jina la Tippu Tip, ameeleza katika maisha yake aliyoyaandika kwa Kiswahili kwamba alianza safari za karibu akiwa na miaka 12, pamoja na jamaa zake, kwa biashara ya sandarusi, na alipotimiza 18 baba yake akamchukua hadi Tabora. Baba huyo alikuwa amemwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira wa Unyanyembe, kwa hiyo safari ile ya biashara ilikuwa pia ya kwenda ukweni. Masimulizi ya wasafiri wa pwani yaliyochapishwa na Carl Velten mwaka 1901, likiwemo la Sleman bin Mwenye Chande la kwenda bara, yanatueleza njia hiyo hiyo kwa lugha yetu, na humo bara linaonekana kuwa nchi ya watu wenye adabu za kupokeana na kugombana, wala si pori tupu.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Litasemwa: hao walikuwa kazini, kubeba ratili sitini kutoka Unyanyembe hadi baharini si mapumziko, na kumwita mtoto mwenye sufuria kichwani mtalii mdogo ni kejeli. Kweli, wala siwaiti watalii. Lakini hoja hiyo inachukulia kwamba mapumziko na kazi vimetengana tangu dunia kuumbwa, jambo ambalo si kweli hata huko linakodaiwa kutoka. Familia maskini za London ya mashariki, tangu karne ya 19 hadi miaka ya 1950, zilihamia Kent kila Septemba, mama na watoto kwa maelfu, kuvuna mimea ya kutilia ladha bia. Walilala katika vibanda, wakapikia nje, watoto wakachuma pamoja na mama zao na kucheza mashambani. Waliolipwa ujira mdogo kwa kazi ile ndio hao hao walioiita likizo yao, na wanahistoria wa Uingereza huiandika hivyo bila kuona haya. Kupiga kambi kwa burudani tupu ni jambo la juzi: kambi ya kwanza ya skauti ya Robert Baden-Powell ilifanyika kisiwani Brownsea Agosti 1907, na kitabu cha Thomas Hiram Holding kilichowafundisha Waingereza kupiga hema kilitoka mwaka uliofuata. Wakati huo Wanyamwezi walikuwa na vizazi kadhaa vya uzoefu, na reli iliyokuja kuwamaliza ilikuwa ndiyo kwanza inafika Morogoro.

Tena raha ilikuwepo, na imeandikwa. Wageni walilalamika kwa kukosa usingizi kwa sababu ya ngoma za kambini. Msafara ukikaribia mji mkubwa, watu walivaa nguo nzuri walizozitunza mzigoni, wakaingia kwa ngoma na baragumu, na wenyeji wakatoka kutazama. Utani baina ya Wanyamwezi na Wazaramo, unaoendelea hadi leo misibani na harusini, wataalamu wengi wanauhusisha na njia hii: ulikuwa bima ya msafiri, kwa maana mtani hakunyimi chakula wala hakuachi ufe bila kuzikwa. Mtoto aliyekulia katika kambi hizo aliijua nchi ya watu wengine, alisikia Kigogo, Kizaramo na Kiswahili, aliiona bahari, na akarudi na mambo ya kuwasimulia wenzake waliobaki na bibi zao. Sidhani kwamba mzazi wa leo anayelipia hema hutafuta kitu tofauti sana na hicho.

Lakini kuna jambo ambalo halijibiwi kwa mfano wa wavunaji wa Kent. Njia ile ile, na visima vile vile, ndivyo vilivyopitisha watumwa, na wengi wao walikuwa wanawake na watoto. Katika misafara ya wakubwa wa pwani, mwanamke aliyepika kambini huenda alikuwa suria aliyenunuliwa, na mtoto aliyemfuata huenda alikuwa ametekwa Manyema, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Anayetaka kutumia njia hii kueleza furaha ya familia anawajibika kusema hivyo waziwazi. Na Wanyamwezi hawakuwa watazamaji: kufikia miaka ya 1880 Unyamwezi ilikuwa na watumwa wengi waliofanya kazi za shamba, na kwa sehemu fulani uhuru wa kaya moja kwenda pwani ulitegemea jasho la watu waliokatazwa kwenda popote. Mwandishi anayeruka aya hii anasema uongo. Hata hivyo, haifuati kwamba kila mtoto wa njiani alikuwa mtumwa. Waliosafiri wakati ule wenyewe walitofautisha misafara ya Wanyamwezi huru, misafara ya watu wa pwani na misafara ya Waarabu, na Rockel ameonyesha kwamba wengi wa wapagazi wa njia ya kati walikuwa watu huru waliolipwa ujira, walioweza kugoma na kukimbia. Tukiwaita wote watumwa kwa kuwahurumia, tunawanyang'anya walio huru hiari yao na kuyafanya mateso ya waliofungwa kuwa ya kawaida. Ongeza ndui, iliyowaua watu kambini bila kuuliza nani huru, na vita vya Mirambo, mtemi wa Urambo, na Waarabu wa Tabora tangu 1871, vilivyofunga njia mara kwa mara. Wazazi walijua haya yote, na bado wengi walichukua watoto. Siwezi kusoma uamuzi huo kuwa ni ujinga. Mara nyingi kumwacha mtoto kijijini, wakati wa uvamizi, hakukuwa salama zaidi.

Familia za Kizungu zilizopita huku zilijifunza kutoka kwa mfumo huo wa kambi, hazikuuleta. Mfano mzuri ni Annie Hore, mke wa baharia na mmisionari Edward Hore wa London Missionary Society, aliyesafiri mwaka 1884 kutoka pwani hadi Ziwa Tanganyika na mwanawe mdogo Jack. Alipanda kiti cha magurudumu cha aina wanayosukumiwa wagonjwa Uingereza, na kitabu chake cha 1886 kimekitaja kiti hicho kwenye jina lake. Njia ya Ugogo na Unyamwezi haikuwa ya magurudumu, kwa hiyo kiti kilibebwa na wapagazi kwa miti. Walipita Urambo, kwa Mirambo, wakafika ziwani Januari 1885. Katika maktaba za Ulaya safari hiyo husomwa kama ajabu ya ujasiri wa mama mmoja. Ujasiri upo. Lakini vibanda, visima, ratiba ya asubuhi, namna ya kumbeba mtoto asiungue na jua: hayo yalikuwa ya watu waliokuwa wakisafiri na watoto wao wenyewe miaka mingi kabla yake.

Nani basi aliyewatoa watoto kambini? Si utamaduni, na si Waafrika kuchoka pori. Boma la Mtemi Isike wa Unyanyembe lilianguka mikononi mwa Wajerumani Januari 1893, naye akajilipua kwa baruti kuliko kukamatwa. Kodi ya nyumba ikafuata mwishoni mwa muongo huo, ikidai fedha taslimu. Kisha reli ya kati, iliyoanza Dar es Salaam 1905, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Safari ya miezi ikawa ya siku, na kambi za katikati zikaozea mvuani. Pigo baya zaidi lilikuwa Vita vya Kwanza vya Dunia. Majeshi ya Uingereza, Ujerumani na Ubelgiji yalikamata wanaume kwa nguvu kubeba mizigo, na Tabora ikatwaliwa na jeshi la Kongo ya Wabelgiji tarehe 19 Septemba 1916 baada ya nchi yote kukombwa chakula na watu. Kazi iliyokuwa heshima ya kijana ikawa jina la kifo. Baadaye, chini ya Waingereza, watu wa sehemu kubwa ya Magharibi walihamishwa kutoka misituni na kukusanywa katika vijiji vikubwa kwa sababu ya malale, na waliotaka fedha walikwenda kuwa manamba katika mashamba ya katani, ambako mwajiri alimtaka zaidi mwanamume bila wa kumtegemea. Kambi ikabaki kuwa mahali pa wanaume wapweke wanaohesabu siku za mkataba. Walioikulia hali hiyo ndio babu zetu, na ndiyo maana leo neno kambi linapotajwa tunafikiri jeshi, wakimbizi au mashamba ya katani, na kumshangaa anayempeleka mtoto huko kwa kupenda.

Kuna kinaya kimoja kinachostahili kukumbukwa. Shule ya Tabora, iliyosomesha watoto wa machifu na vijana wengine teule, ilipata skauti wake miaka ya 1930 kwa msukumo wa wanafunzi, akiwemo Julius Nyerere aliyeingia hapo mwaka 1937 na kusoma kitabu cha Baden-Powell. Vijana wa Tabora walijifunza kwa Kiingereza kuwasha moto, kujenga kibanda na kutembea kwa safu, mwendo mfupi kutoka Kwihara, mahali ambapo babu zao walikuwa wakifanya hayo bila kitabu. Hilo si kosa la kitabu. Nyuzi za mafundisho ya nyumbani zilikuwa zimekatika, na kijana hujifunza kwa aliye tayari kumfundisha.

Hazikukatika zote. Wafugaji wa nyuki wa Tabora waliendelea kukaa misituni kwa wiki kadhaa wakati wa kuvuna, na wavuvi wa mto Ugalla waliendelea kupiga dago kila kiangazi, ingawa hizo zimekuwa kambi za wanaume zaidi, na Ugalla yenyewe ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 2019. Njia ya kati imo katika orodha ya awali ya UNESCO tangu 2006 kwa vituo sita: Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara na Ujiji. Jina lake humo ni la watumwa na pembe za ndovu, na hakuna atakayebisha kwamba hayo mawili yanastahili kutangulia. Lakini Tura haimo, wala nyika ya Mgunda Mkali, wala kambi yoyote ya katikati ambako kaya huru zilipika, zikaumwa, zikacheza na kuzaa. Orodha imefuata maboma, misheni na nyumba za wageni wenye majina. Mwalimu wa Tabora anayetaka kuwapeleka wanafunzi wake kulala njiani wakati wa likizo ya Juni angefanya vyema kuanzia huko kwenye visima, na kwenye miembe mikubwa ya kando ya njia inayosemekana ilipandwa enzi za misafara.